Kitambaa cha Mashine ya Pili

Kazungu alikuja kwangu baada ya sala ya adhuhuri, amevaa shati jeusi lililombana mabegani, nikajua kabla hajaketi kwamba amekuja na habari ya msiba. Sikumuuliza. Nilimkalisha penye upepo, karibu na dirisha la uani, nikaenda jikoni kupakua wali na samaki wa kupaka, kwa sababu katika umri wetu habari mbaya haikimbii, lakini chakula hupoa. Alipoiona sahani alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Leo umenitolea za wageni?" Nikamwambia hizo ndizo za kila siku siku hizi, na kama haamini atazame kingo zilivyomeguka. Alikula kimya mpaka akamaliza, akaosha vidole kwenye bakuli, akajifuta kwa leso yake mwenyewe. Ndipo aliposema, "Nduku ametutoka, bwana. Tumemzika Jumamosi, kwao Machakos." Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu niende naye. Akanitazama bila hasira. "Nilijua utasema utakuja kesho," akasema.

Maneno hayo yangenikera kama yangetoka kwa mtu mwingine. Kwa Kazungu hayana mwiba, ni habari tu, kama mtu anayekwambia kwamba umevaa kandambili za miguu tofauti. Akaendelea: Alhamisi kuna kikao katika ukumbi mmoja pale Kilifi, vijana wanaosomea kompyuta wanataka kusikia habari za Bi. Nduku, jinsi alivyowafundisha watu wa pwani kuweka mashine mbili zisaidiane ili kazi isikatike. "Mimi nimesema miaka yote. Wananijua mpaka kikohozi changu. Safari hii nataka useme wewe." Nikajibu kabla sijafikiri, "Alhamisi nina miadi ya macho." Kazungu aliinua ile sahani tupu, akaigeuza, akasoma alama ya mtengenezaji chini yake kama mtu anayetaka kuinunua. Kisha akaiweka mezani taratibu na kuaga. Mimi nikabaki na mwaka mmoja wa ujana wangu umekaa mbele yangu pale alipokuwa amekaa yeye.

Ulikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi katika hoteli moja ya ufuoni, Malindi, upande wa mapokezi. Nilipoanza, vyumba vyote vilikuwa ukutani: ubao mkubwa wenye vijimfuko, na kila mgeni ana kadi yake katika kijimfuko cha chumba chake. Kisha mwenye hoteli, Bwana Salim, alinunua kompyuta. Ilipewa chumba chake nyuma ya mapokezi, chumba chenye mashine ya kupoza hewa, na kwa sababu hiyo kikawa chumba kinachopendwa kuliko vyote. Wapishi walikuwa wakija kuuliza saa. Mtunza bustani aliwahi kuja kuuliza kama kompyuta inahitaji maua. Tuliopewa kuiendesha tulikuwa wawili, mimi na Kazungu, kijana wa Jilore aliyeajiriwa mwaka mmoja baada yangu. Ule mwaka mmoja niliutumia sana. Yeye alikuwa mwepesi wa mikono kunishinda, lakini mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kazini, na nilihakikisha hasahau.

Kompyuta ile ilikuwa hodari ikiwa macho. Tatizo ni kwamba umeme wa Malindi siku hizo ulikuwa na tabia zake, na ukikatika ghafla mashine ilikuwa ikiamka imechanganyikiwa. Siku moja ililala kabisa, na wageni waliotoka uwanja wa ndege wakaketi juu ya masanduku yao kwenye baraza, wekundu kwa jua, na familia mbili zikapewa funguo za chumba kimoja. Baba mmoja alimkuta baba mwenzake amejifunga taulo. Baada ya siku hiyo ndipo Bwana Salim alipomleta Nduku kutoka Nairobi. Alikuwa mtaalamu wa kumbukumbu za kompyuta, yaani jinsi habari zinavyowekwa ndani ya mashine zisipotee na zikihitajika zipatikane. Tulitarajia mwanamume. Alishuka mwanamke mfupi mwenye nywele zilizokatwa chini, sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, akatusalimu kwa Kiswahili cha bara ambacho wasichana wa mapokezi walikiiga kwa wiki nzima. Hakujali. Alijifunza kula mbaazi kwa mahamri, akashindwa na samaki kwa sababu ya miiba, na kila asubuhi kabla wageni hawajaamka aliketi pembeni mwa ukumbi wa kulia, kikombe cha chai kimepoa mbele yake, akiandika.

Alichokuwa akiandika ni kijitabu cha sisi tunaoendesha mashine. Aliandika kwa Kiingereza, nami nikapewa kazi ya kukitia katika Kiswahili, kwa sababu alisema lugha ya mtu aliye katika hofu ni ile aliyofundishwa na mamake, na kijitabu kile kitasomwa na watu walio katika hofu. Nilizipenda asubuhi zile kuliko kitu chochote cha mwaka ule. Sikuwa nimewahi kukaa na mtu anayefikiri kwa sauti. "Mgeni hajali umenunua mashine ngapi," alikuwa akisema huku akipiga meza kwa kalamu. "Mgeni anajua amefika na ufunguo wake umepatikana, au haukupatikana. Basi. Sisi kazi yetu ni hilo jibu." Nami nilikuwa nikitafuta maneno. Kwa jambo lile zima alilokuwa akilifundisha niliandika "huduma isiyokatika", akalirudia mara mbili tatu kinywani kama mtu anayeonja chumvi, akasema, "Hilo ni zuri kuliko la kwangu." Mpaka leo sijapewa sifa nyingine iliyonikaa hivyo.

Ushauri wake ulikuwa mmoja: ziwe mashine mbili. Moja ikifa, nyingine ishike kazi, na mgeni pale penye dirisha la mapokezi asijue. Bwana Salim alilipokea jambo hilo kwa tabu. Nilikuwa nje ya mlango wa ofisi yake nimebeba trei ya kahawa nikawasikia. "Mbili za nini, Bi. Nduku? Mimi mke mmoja tu nyumbani ananishinda." "Bwana Salim, kwani kompyuta umeioa?" "Nimeitolea mahari kubwa kuliko ya mke!" Wakacheka wote wawili, na kwa kicheko hicho mashine ya pili ikaagizwa. Lakini Bwana Salim alimwekea Nduku sharti. Ikifika na kukaa, atawaita wenye hoteli wenzake wa Malindi na Kilifi, Nduku asimame aseme, kisha aizime mashine ya kwanza mbele ya macho yao. Ya pili ikishika kazi, Bwana Salim atampa chumba cha kufundishia watu. Isiposhika, afunge masanduku yake.

Chumba hicho ndicho alichokuwa akikitaka Nduku. Alituambia siku moja tukila mihogo ya kuchemsha ambayo Kazungu alikuwa akiileta kutoka kwao, tumeketi kwenye ngazi za nyuma za jikoni, pilipili na ndimu katikati yetu. "Sitaki kuzeeka nikiitwa kila pahali kuamsha mashine za watu," alisema. "Nataka kuacha watu. Nikipata chumba, nyinyi wawili ndio wa kwanza. Athmani ataandika na kusema, kwa sababu ana maneno. Wewe Kazungu utafungua hizo mashine, kwa sababu una mikono." Kazungu aliitazama mikono yake iliyojaa pilipili. "Kwa sasa usiniambie nishike chochote," akasema, "hata jicho langu." Tulicheka, lakini nakumbuka nilirudi nyumbani jioni ile nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mashine ya pili ilipofika, Nduku aliiweka kando ya ile ya kwanza, akatupa kanuni. Kila alasiri habari za siku zinakiliwa kwenye diski, na diski hizo zinaingizwa katika mashine ya pili siku hiyo hiyo, ili ijue yote ambayo mwenzake anayajua. Na kila Alhamisi, siku isiyo na wageni wengi wa kuja wala kuondoka, ya kwanza ipumzike na ya pili ifanye kazi mchana kutwa. Niliyaandika hayo kwa Kiswahili kizuri, kwa mkono wangu. Siwezi kusema sikuyajua.

Jioni hiyo nilimsimulia mamangu habari za mashine mpya, naye akauliza swali moja tu. "Ina nguo?" Nyumbani kwetu, mtaa wa Shela hapo hapo Malindi, kila kitu cha thamani kilikuwa na nguo yake. Redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, trei ya vikombe ilikuwa na chake, na kabati la vyombo lilikuwa na pazia dogo nyuma ya kioo chake. Ndani ya kabati zilikuwamo sahani za wageni, nyeupe, zenye ua la buluu katikati. Sisi tulikula kwenye za bati. Sikumbuki mgeni mkubwa wa kutosha aliyewahi kula kwenye zile sahani. Kila aliyekuja, mamangu alimpima kwa macho na kuona bado. Hakuna aliyeona ajabu. Kuwa na kitu kizuri ilikuwa ndiyo kukihifadhi. Basi mamangu akafuma kitambaa cha mashine ya pili, cheupe chenye pindo la kijani, na watu wa hoteli walikuja mmoja mmoja kukitazama. Mimi nikaongeza la kwangu. Chini ya kitambaa nikaivika mashine mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa kamba, ili chumvi ya bahari isiingie. Na waya wa umeme nikauchomoa.

Alhamisi ya kwanza ilipofika, Kazungu alianza kufungua kamba. Nikamzuia. "Wacha. Ni mpya."

"Ndiyo maana ya Alhamisi, Athmani."

"Tukiichosha sasa, siku ya haja itatufaa nini? Ya kwanza inafanya kazi, haina neno. Hii tuitunze."

"Na diski?"

"Ziweke humu." Nilikuwa na bati la biskuti, zuri, lenye kifuniko kinachobana. "Siku ikifika tutaiingizia zote kwa pamoja."

Kazungu alikuna shingo. "Nyinyi watu wa mjini mna mambo. Sahani mnazo kabatini, mnakula kwenye bati."

"Hiyo ni adabu."

"Adabu kwa nani? Sahani haina macho. Bibi yangu kule Jilore ana majembe mawili, yote mawili yanashinda shambani."

"Na mgeni akija?"

"Mgeni akija anapewa jembe!"

Alicheka mwenyewe kwa jibu lake, nami nikacheka, lakini sikufungua. Wiki nyingine aliniuliza tena, na nyingine tena, kisha akaacha. Nilikuwa mkubwa kazini. Kila alasiri nilikuwa nikiweka diski mpya katika bati, nazipanga zikae sawa, na nilihisi kwamba natunza amana. Hili ndilo ambalo vijana hunielewa vibaya nikiwasimulia. Wanadhani nilikuwa mvivu. Ningekuwa mvivu nisingepangusa vumbi kitambaa kile kila asubuhi.

Nduku wakati huo alikuwa akishinda Kilifi. Jina lake lilikuwa limetoka, na wenye hoteli wa huko walikuwa wakimwita aseme nao: mara kwenye veranda ya mtu, mara katika ofisi yenye viti viwili, akichora mashine zake kwa chaki juu ya chochote. Alikuwa akitupigia simu. "Ya pili inaendeleaje?" Nami nilimjibu kwa fahari, "Iko kama siku uliyoileta, dada." "Umenifurahisha, Athmani." Ilikuwa kweli kabisa, nilivyoona mimi. Ilikuwa haijapata hata mkwaruzo.

Siku yenyewe ya kuizima mashine walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Ukumbi mdogo kando ya mapokezi ulijaa kanzu, mashati ya maua na harufu ya udi na kahawa. Mbele palikuwa na meza mbili, mashine moja juu ya kila meza, ile ya pili bado imevaa kitambaa chake. Nduku alifika kutoka Kilifi dakika za mwisho, vumbi la barabara kwenye viatu, akanishika bega kwa haraka na kwenda mbele moja kwa moja. Alisema vizuri. Sijamsikia mtu akieleza jambo la mashine kwa namna ile tena, hata Kazungu, na Kazungu ni fundi wa kusema. Alisema kuhusu wageni waliokaa juu ya masanduku, na yule baba wa taulo, mpaka watu wakafuta machozi ya kicheko. Kisha akasema, "Sasa tazameni," akaizima ya kwanza. Kioo kikawa cheusi. Kule dirishani msichana wa mapokezi alikuwa akimhudumia mgeni wa kweli, na Nduku alikuwa amemwambia asimzuie.

Ilikuwa zamu yangu. Nilikitoa kitambaa kwa mikono miwili, na mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele kwa mzaha, kana kwamba anafunuliwa bi harusi. Nilifungua kamba, nikavua nailoni. Ndani ya nailoni kulikuwa na unyevu. Niliuona ukimetameta kwenye mikunjo, kama jasho. Nikachomeka waya, nikawasha. Taa iliwaka, feni ikalia, nikatia diski. Ikaja sauti ya kukwaruza, kama mtu anayekokota kiti, kisha ikanyamaza. Nikatoa diski, nikatia nyingine. Ikakwaruza, ikanyamaza. Kule dirishani msichana akaita, "Athmani, mgeni anauliza chumba chake!" Ukumbi mzima ulimsikia.

Nduku alisogea karibu. Hakupaza sauti. "Alhamisi iliyopita ilifanya kazi?"

"La, dada."

"Na ya kabla yake?"

"La."

"Lini ilifanya kazi, Athmani?"

"Siku uliyoiwasha wewe."

Mzee mmoja mnene, mwenye hoteli kule Kilifi, alikuwa ameketi mstari wa mbele na kikombe chake gotini. "Mama," akasema, "umetuletea maiti mwenye sanda nzuri." Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Bwana Salim hakucheka. Nikamsikia Nduku akisema, "Kazungu, bisibisi," kana kwamba ni sehemu ya mazungumzo aliyoyapanga. Kazungu alifungua kifuniko cha mashine kwa haraka yake ile, na Nduku akaigeuza ili watu waone ndani. Pale penye shaba palikuwa na ukungu wa kijani, kama ule wa mtungi wa zamani. "Hii haijaharibiwa na kazi," akasema. "Imeharibiwa na kutunzwa. Mimi nimesema nanyi kwa saa nzima na sikulisema hili, na sikukiinua kitambaa nitazame. Aseme aliyeivisha." Akanigeukia. "Waambie, Athmani. Waambie kwa nini. Usiombe radhi, waambie tu."

Hivyo ndivyo nilivyosema mbele za watu kwa mara ya kwanza. Sijui nilipata wapi sauti. Nilisema, "Nyumbani kwetu kuna sahani za wageni." Nikawaeleza kabati, na pazia la kioo, na sahani za bati tulizokulia chakula, na mamangu akiwapima wageni kwa macho na kuona bado. Nikaeleza bati la biskuti, na diski zilizopangwa sawa. Walianza kwa kucheka, kisha kicheko kikapungua, kwa sababu hapakuwa na mtu mle ndani ambaye kwao hakuna kabati kama hilo. Nilipofika kwenye jasho la nailoni hapakuwa na sauti tena ila feni. Yule mzee mnene aliinamia kikombe chake. "Mimi nina jenereta ya akiba," akasema polepole. "Tangu niinunue iko chini ya turubai." Akainuka, akaenda mapokezi kuomba simu. Tulimsikia akimwambia mtu wake wa Kilifi aiwashe sasa hivi, simu ikiwa wazi, asubiri hapo hapo. Hakuna aliyegusa kahawa yake. Aliporudi alisimama mlangoni. "Haikuwaka," akasema.

Ya kwanza tuliiwasha tena, ikaamka bila ya kumbukumbu za asubuhi ile, na Kazungu akashinda akibisha milango ya wageni kuwauliza majina yao. Mimi nilikuwa na Nduku jikoni. Bwana Salim alikuwa ameshamwita na kumaliza naye, kwa adabu, lakini amemaliza: alisema ameaibishwa mbele ya wenzake, na chumba hakuna. Nilianza kulia. Nduku alinimenyea chungwa. "Chumba kipo," akasema. "Yule mzee amenipa stoo yake kule Kilifi. Na si kwa ajili ya hotuba yangu." Alinipa nusu ya chungwa. "Hotuba yangu walishaisahau walipoona ile mashine. Wewe ndiye uliyemwinua yule mzee kitini. Nataka uje, Athmani. Uandike kijitabu upya, na sura ya kwanza iwe ya sahani. Na uwe unasema. Kuna hoteli kutoka hapa mpaka Mombasa, zote zina kitu chini ya kitambaa."

Nilikubali. Nilikubali kwa moyo wote, nami nikarudi nyumbani nikamwambia mamangu. Sikwenda. Si kwamba nilikataa. Kama ningekataa ningekuwa na siku moja ya kuijutia, nikaimaliza. Nilisema niende baada ya Ramadhani, kwa sababu kuhama na saumu ni tabu. Baada ya Idi kulikuwa na harusi ya dadangu. Baada ya harusi nikaona kwanza nijisomee, niyajue mambo barabara, nisije nikasimama mbele ya watu nikiwa nusu. Nilijiambia kwamba najiandaa. Nilinunua hata shati la kuhutubia, nikalikunja. Bwana Salim naye alinisamehe upesi na kunirudisha mapokezi, kwenye ubao wa kadi, na kazi ya kadi niliijua. Kazungu aliniuliza mara mbili, "Unakwenda lini?" Mara ya tatu hakuuliza. Alifunga begi lake akaenda yeye. Niliposikia, nilikasirika kwa siku kadhaa, kana kwamba kuna kitu changu kimechukuliwa.

Maisha ya Kazungu baada ya hapo yanajulikana na watu wengi kuliko yangu. Yeye na Nduku walifundisha katika stoo ile, kisha mahali pakubwa zaidi, na alipozeeka Nduku akarudi kwao, Kazungu akaendelea. Mashine zilibadilika, zikawa ndogo, zikawa nyingi, zikahamia mbali ambako hakuna anayeziona, naye akaandika vijitabu na kusimama katika kumbi akiwaambia watu jambo lile lile: kinachongoja zamu kifanyishwe kazi. Mimi nilistaafu mapokezi. Mamangu alipofariki nililifungua kabati, nikazitoa sahani, nikala wali wangu wa maombolezo juu ya ua la buluu, na tangu siku hiyo sijazirudisha. Nilidhani nimeshajifunza. Lakini sahani ni kitu chepesi kukitoa kabatini.

Jioni ya siku ile aliyokuja Kazungu nilikaa na hayo mpaka chai ikapoa, kisha nikampigia simu. Nikamuuliza kama Nduku aliwahi kunitaja. "Alikungoja mpaka masika yakakatika," akasema. "Kiti chako hakukiondoa. Kila tukianza somo alikuwa akiniuliza, 'Athmani hajaja?' Nikimwambia bado, anasema, 'Haya, tuanze.'" Nikamwambia macho yangu yanaweza kungoja wiki nyingine.

Ukumbi ulikuwa na baridi ile ile ya chumba chetu cha nyuma ya mapokezi. Vijana walikuwa wengi, wasichana kwa wavulana, kila mmoja na kompyuta yake mapajani kama mtu aliyepakata paka. Nilikuwa nimevaa shati la kawaida. Kazungu alinishika mkono akanisimamisha mbele, akasema, "Huyu ndiye Athmani. Yule wa kitambaa." Wakacheka na kupiga makofi, nami nikagundua kwamba wananijua. Miaka yote hiyo alikuwa akiwasimulia habari zangu, wala hakuwahi kuniambia. Nikaanza pale nilipoanzia zamani: nyumbani kwetu kulikuwa na sahani za wageni. Nilisema mpaka mwisho, mpaka jenereta ya yule mzee, wakacheka panapochekesha na kunyamaza panaponyamazisha, na nilimwona Kazungu nyuma ya ukumbi amefumba macho akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua ukiimbwa na mwenyewe.

Nilipomaliza, msichana mmoja wa mbele aliinua mkono. Alikuwa amevaa buibui na miwani mikubwa. "Babu, shikamoo. Bi. Nduku si alikuambia uje Kilifi ufundishe? Bwana Kazungu hapo hutukatia hadithi. Hatuambii ulikuja lini."

Niliangalia nyuma. Kazungu alikuwa amefumbua macho.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Nimefika leo."